Soksi za kubana kwa miguu yenye vena mbovu: mwongozo wa fundi cherehani wa Mtwara

Wateja wawili watatu kila mwezi hunijia kibandani, hapa Chikongola, na kipande cha kitambaa cha kuvutika, kile cha taiti. "Fundi, nishonee soksi kama zile za hospitali." Miguu imevimba, mishipa imetuna kama mizizi ya mkorosho juu ya mchanga, na bei ya soksi zenyewe wameshaiulizia ikawashinda. Nawarudishia kitambaa chao. Si kwamba sijui kushona. Nina miaka 19 nyuma ya cherehani, na mwenyewe navaa soksi hizo tangu asubuhi hadi jioni. Ninachokataa ni kutoa dawa bila kipimo. Soksi ya kubana ni dozi iliyofumwa. Ikizidi inadhuru, ikipungua haifanyi kitu, na ikibana juu kuliko chini inafanya kazi kinyume.

Haya niliyoandika nimeyapata kwa miguu yangu, kwa kazi ya vitambaa, na kwa wauguzi na mtaalamu wa fiziotherapia walionivumilia maswali. Hayachukui nafasi ya daktari. Hatua ya 2 yenyewe utaona haifanyiki nyumbani.

Kilichoharibika ni nini

Damu hushuka miguuni bila taabu. Taabu iko kwenye kupanda: kutoka kifundoni hadi moyoni ni zaidi ya mita moja, na huko chini hakuna moyo mwingine wa kuisukuma. Kuna shavu la mguu tu. Ukipiga hatua, msuli wa shavu hukaza na kuzikamua vena, damu inapanda, na vali ndogo ndani ya vena zinafunga mlango isirudi. Ukisimama wima bila kusogea, mgandamizo ndani ya vena za kifundoni hufika kama milimita 80 hadi 90 za zebaki, yaani vipimo vilevile wanavyotumia kupima presha. Ukitembea, na vali zako nzima, unashuka chini ya 30. Kwa aliyelegea vali, mgandamizo huo haushuki inavyotakiwa, hata atembee hadi Mikindani na kurudi.

Damu ikituama, maji yanachuja kutoka kwenye mishipa kuingia kwenye nyama. Mguu unakuwa mzito jioni, alama ya lastiki ya soksi ya kawaida inabaki imechimba, usiku unawasha au unakakamaa. Miaka ikipita, chembe nyekundu za damu zinazovuja zinaacha madini ya chuma ndani ya ngozi. Ngozi ya juu ya kifundo, hasa upande wa ndani, inazidi weusi au kugeuka kahawia, inakakamaa kama ngozi ya ngoma. Kisha siku moja unagongwa na mguu wa kiti, kijeraha kidogo tu, na hakifungi. Madonda ndugu mengi ya miguuni yanaanzia hapo. Majirani watasema umekanyaga kitu ulichotegewa. Mama yangu mdogo alizungushwa kwa waganga miaka mitatu kwa maneno hayo, na muda wote huo hakuna aliyemfunga hata bandeji.

Wanaopata zaidi ni wanaosimama au kukaa muda mrefu bila kusogeza mguu: mama lishe, walimu, walinzi, wauza samaki pale Feri, kina mama wanaobangua korosho kutwa nzima. Ujauzito unachangia, uzito unachangia, umri pia, na ukoo una sehemu yake. Aliyewahi kuganda damu kwenye vena ya mguu yuko kwenye hatari kubwa. Sisi wa cherehani za pedali tuna bahati kidogo, maana pedali inachezesha kifundo na shavu. Mimi nilianza kuumwa nilipohamia cherehani ya umeme. Siwezi kuapa kuwa ndiyo sababu, lakini ile ya pedali nimeirudisha.

Bahari ilitangulia

Mhandisi mmoja mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Toledo, Marekani, Conrad Jobst, alikuwa na vena mbovu mwenyewe. Aligundua kwamba akisimama ndani ya bwawa la kuogelea miguu inapata nafuu. Maji yalikuwa yanaibana miguu, chini zaidi kuliko juu. Karibu na mwaka 1950 akatengeneza soksi za kuiga jambo hilo.

Mwanamke wa pwani aliyewahi kufuata pweza maji yakianza kujaa ameonja kitu hichohicho bila kujua. Kila sentimita moja ya kina cha maji ya bahari inakandamiza kama robo tatu ya milimita ya zebaki. Simama mpaka maji yafike magotini, sentimita 40 hivi kutoka kifundoni: kifundo kinabanwa na milimita kama 30, katikati ya shavu kama 15, gotini sifuri. Hiyo ni soksi nzuri kabisa. Ndiyo maana soksi ya kweli hubana sana kifundoni na kulegea kadiri inavyopanda. Ila mwenye kidonda asiende kusimama baharini kwa sababu ya maneno haya, wala mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni. Atakatwa na kombe asijue.

Na ndiyo maana pia ule mtindo wa kukata tyubu ya baiskeli au upindo wa kanga na kujifunga chini ya goti ni wa hatari. Umeweka kizuizi juu na kuacha chini wazi. Damu inashuka, haipandi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni vena

Kwetu kusini mguu ukivimba neno la kwanza ni matende, na si bila sababu, ugonjwa huo umekuwepo pwani yote. Lakini tazama vidole. Uvimbe wa matende hupanda hadi mgongo wa mguu na vidole, na ngozi ya juu ya kidole cha pili inakuwa nene kiasi kwamba huwezi kuibana kati ya vidole vyako viwili ukainyanyua. Uvimbe wa vena mara nyingi hukaa kifundoni na kwenye shavu, unapungua ukilala, unarudi jioni. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Wa matende naye hufaidika na kubanwa, lakini kwa vitambaa vigumu zaidi na kwa mpango wake.

Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, na unakosa pumzi ukipanda ngazi au uso unavimba asubuhi, tafuta moyo na figo kwanza. Moyo uliochoka ukiubania miguu ghafla, yale maji yote yanarudi kwake.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ndani ya siku moja au mbili, una joto na shavu linauma ukilibonyeza, usitafute soksi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda kwenye vena ya ndani, na bonge likichomoka linaenda kwenye mapafu. Kijana mwenye selimundu akipata kidonda kifundoni aseme mapema kwamba ana selimundu, kwa sababu nao huleta vidonda mahali hapohapo.

Hatua ya 2: Pimwa ateri kabla ya kubanwa

Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo yenye uwezo wa kukupotezea mguu. Vena zinarudisha damu, ateri zinaileta. Kama ateri zimeziba kwa sigara, kisukari au umri, damu inayofika vidoleni tayari ni ya kuhesabu. Ukija na soksi ya nguvu unaifunga hiyo kidogo iliyobaki, na vidole vinaoza.

Kugusa mpigo kwenye mgongo wa mguu kunasaidia lakini hakutoshi. Wapo wazima ambao mpigo huo hausikiki, na kwenye mguu uliovimba kidole hakifiki. Kipimo chenyewe kinatumia mashine ya presha na kifaa kidogo cha dopla kinachosikiliza damu. Unalala kama dakika 10. Wanachukua namba ya juu ya presha ya mkononi, kisha namba ya juu ya presha ya kifundoni, wanagawanya ya kifundo kwa ya mkono. Mkono 140 na kifundo 126, jibu ni 0.9. Mkono 140 na kifundo 84, jibu ni 0.6.

Kuanzia 0.8 hadi 1.3 kwa kawaida unaweza kubanwa kikamilifu. Kati ya 0.5 na 0.8 ni mgandamizo mdogo tu, tena chini ya macho ya mtaalamu. Chini ya 0.5 usibane kabisa. Huyo anahitaji daktari wa mishipa. Na ikizidi 1.3 usishangilie, hasa ukiwa na kisukari: ateri zimekuwa ngumu kama bomba, na namba hiyo haiaminiki.

Kwa kipimo hiki ulizia Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Walio upande wa Masasi wana Ndanda, wa Lindi wana Sokoine na Nyangao. Uliza kwa jina: "Naomba kupimwa ateri za miguu kwa dopla kabla ya soksi za kubana." Ukisema tu "miguu inauma" utarudi na vidonge vya maumivu. Mimi nilirudi navyo mara mbili.

Hatua ya 3: Soma milimita, achana na daraja

Kwenye boksi utakuta neno "class" na namba 1, 2 au 3. Namba hiyo inapotosha, maana kila nchi ina madaraja yake. Daraja la 2 la Uingereza ni milimita 18 hadi 24. Daraja la 2 la Ujerumani ni 23 hadi 32. La Ufaransa ni 15 hadi 20. Soksi zinazofika kwetu hutoka kote huko, na muuzaji anakwambia tu "hii ni namba mbili, mama." Tafuta maandishi ya mmHg, ndiyo milimita za zebaki, na hicho ndicho kipimo cha kifundoni.

Kwa uchovu na uvimbe mdogo wa jioni, 15 hadi 20 zinatosha. Vena zilizotuna na uvimbe wa kila siku, wengi huandikiwa 20 hadi 30. Ngozi iliyokakamaa au donda lililopona ambalo hutaki lirudi, 30 hadi 40. Daktari akikuandikia 30 hadi 40 na huwezi kuivaa, mwambie ukweli. Ya 20 unayoivaa kila siku itakufaa zaidi ya ile iliyolala sandukuni. Boksi lisilo na milimita popote, hata kama lina picha ya mguu unaong'aa, ni soksi ya kawaida yenye bei isiyo ya kawaida.

Urefu: ya kufika chini ya goti inawatosha wengi. Ya paja kwa joto la Mtwara inateleza, inajikunja, na pindo lililojikunja ni ile tyubu ya baiskeli imerudi kwa jina lingine.

Hatua ya 4: Kitambaa chenyewe

Hapa sasa niko nyumbani. Pamba haivutiki ikarudi. Ichukue fulana ya pamba tupu, ivute, iache: imebaki na goti. Kwa hiyo hakuna soksi ya kubana ya pamba asilimia mia, atakayekuuzia anadanganya. Kinachobana ni uzi wa elastani, ule tunaouita spandeksi au laikra, uliovumbuliwa Marekani mwaka 1958. Unavutika mara kadhaa ya urefu wake na kurudi. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mpira wa asili, na bado upo kwenye baadhi ya soksi na bandeji. Mwenye mzio wa mpira asome lebo. Uzi huo haugusi ngozi ukiwa mtupu. Umezungushiwa nailoni, na nailoni ndiyo inayofanya soksi idumu na iteleze wakati wa kuvaa. Pamba au viskozi ikichanganywa humo ni kwa ajili ya ngozi na jasho.

Kwenye joto letu wengi wanadhani pamba nyingi ndiyo baridi. Si hivyo. Pamba hunywa jasho na kulikalia. Nailoni nyembamba hukauka upesi. Mimi navaa ya nailoni iliyoachwa wazi vidoleni. Hewa inapita, naona rangi ya vidole vyangu, na kandambili zinaingia.

Kuna ufumaji wa aina mbili. Wa duara unafumwa kama bomba, hauna mshono, ni mwembamba. Unawafaa wengi wenye vena. Wa bapa unafumwa kama kipande kisha unashonwa nyuma, una ukakamavu, hauingii kwenye mikunjo ya nyama. Huo ni kwa mguu wenye umbo lisilo la kawaida au wa matende.

Kwa nini sasa mimi siwezi kuishona? Chukua lastiki moja, ifunge kwa nguvu ileile kwenye mpini wa jembe na kwenye pipa. Mpini unabanwa zaidi. Kadiri kitu kinavyokuwa chembamba ndivyo nguvu ileile inavyokandamiza zaidi. Ugoko ni mpini, shavu ni pipa. Mashine ya kiwandani inabadilisha mvuto wa uzi mstari kwa mstari, kutoka kifundo hadi goti, ili hesabu ibaki sawa. Kitambaa changu cha taiti kina mvuto mmoja kuanzia mwanzo wa robota hadi mwisho, na mshono wangu ungekuchimba ugokoni. Mafundi wenzangu wanaokubali kazi hii wanachukua hela ya kidonda.

Na za mitumba? Zipo. Nimeziona zimechanganywa na taiti za kina dada, zingine za viwanda vyenye sifa. Lakini elastani ina umri, na soksi iliyokwishamaliza zamu yake Ulaya inakuja kwetu ikiwa na lebo yenye milimita 30 na nguvu ya 10. Halafu ilipimiwa mguu wa mtu mwingine. Acha.

Hatua ya 5: Kupima mguu

Pima asubuhi, ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Mguu wa jioni ni mguu wa uvimbe, na soksi ya kipimo cha jioni itakuwa gunia kesho yake. Pima kwa futikamba ya kitambaa juu ya ngozi tupu, bila kukaza wala kulegeza, na pima miguu yote miwili.

Mzunguko wa kwanza ni kifundoni, mahali pembamba kabisa juu ya mfupa wa kifundo. Hicho ndicho kipimo mama, maana milimita za kwenye boksi ni za hapo. Wa pili ni shavu mahali pakubwa zaidi. Kisha urefu kutoka sakafuni, kisigino kikiwa chini, hadi mkunjo wa nyuma ya goti. Andika kwa sentimita. Kila kiwanda kina jedwali lake nyuma ya boksi, na M ya huyu si M ya yule. Kifundo kikikuangukia saizi moja na shavu saizi nyingine, usikubali kukadiriwa. Mguu wako ni wa chupa iliyopinduliwa, uagiziwe ya kupimwa, au uanze na bandeji.

Anayeogopa kupima mwenyewe aende kwa fundi yeyote wa jirani, kazi ya dakika tano. Mimi sitozi.

Hatua ya 6: Kuvaa, na suala la udhu

Vaa kabla mguu haujashuka kitandani kwa muda mrefu. Kata kucha, vua pete, na ukiwa na magaga yasugue kwanza, maana gaga moja linakata uzi wa soksi ya maelfu ya shilingi. Mafuta ya nazi na losheni ni vya usiku, baada ya kuvua. Asubuhi ngozi iwe kavu. Ukitoka jasho paka poda kidogo.

Ingiza mkono ndani ya soksi hadi kisiginoni, shika kisigino, igeuze ndani nje mpaka hapo. Sasa una mfuko mfupi wa unyayo. Ingiza vidole, vuta hadi kisigino kikae mahali pake barabara. Hapo pakikosewa, yote ya juu yamekosewa. Kisha usivute kwa pindo. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo na usugue kitambaa kwa viganja, kidogo kidogo, kipande kwa kipande, kukipandisha hadi vidole viwili chini ya mkunjo wa goti. Ikizidi urefu isambaze chini tena. Kuikunja juu ni marufuku.

Zamani watu waliitelezesha soksi juu ya mfuko wa plastiki waliouvaa mguuni kwanza, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Kwa soksi ya vidole wazi nashona kimfuko cha bitana ya satini: unakivaa, soksi inateleza juu yake, unakichomoa kwa mbele. Hicho ndicho ninachoweza kumshonea mgonjwa kwa dhamiri safi.

Wiki ya kwanza vaa saa mbili tatu, ongeza kila siku. Vidole vikifa ganzi, vikawa vyeupe au bluu, au maumivu yakazidi, vua palepale. Usiku vua, isipokuwa uliyeambiwa vingine.

Kuhusu udhu, wateja wangu wengi ndipo wanapokwama. Kuvua na kuvaa mara tano kwa siku kunamchosha mtu na kuichosha soksi. Mimi naamka, natawadha, naswali alfajiri, kisha narudi kitandani, naegemeza miguu ukutani dakika 20, ndipo navaa. Naivua adhuhuri, natawadha, nakausha miguu hadi kati ya vidole, navaa tena. Nikijaliwa, udhu huo unanifikisha alasiri. Magharibi naivua moja kwa moja. Kwa aliyefungwa bandeji, fiqhi ina hukumu zake za kupangusa juu ya bandeji na za tayamamu, tangu zamani sana. Soksi nyembamba ina masharti mengine. Muulize sheikh wako, na umweleze kwamba ni tiba.

Hatua ya 7: Kukiwa na donda

Donda la wazi kwanza hufungwa bandeji. Soksi inafuata likikaribia kufunga. Mfungaji awe muuguzi aliyefundishwa. Wewe jua tu anachofanya, ili ukigundua amekosea useme, kwa adabu.

Mguu uwe umekunjwa kama herufi L, vidole vikitazama pua. Pamba laini inazungushwa kwanza, na inaongezwa kwenye ugoko na pembeni ya kifundo, palipo na mfupa chini ya ngozi, ili kile kitendo cha mpini wa jembe kisikuchubue. Bandeji inaanzia shina la vidole, inafunika kisigino, na kila mzunguko unafunika nusu ya uliotangulia hadi chini ya goti. Mizunguko ikipandana mara mbili mgandamizo nao unakaribia kuwa mara mbili, kwa hiyo asiyepima nafasi anatengeneza tyubu zile za baiskeli, moja juu ya nyingine.

Bandeji ya mvuto mfupi haivutiki sana: ukilala inatulia, ukitembea shavu linagonga ukuta na damu inakamuliwa. Hiyo unaweza kulala nayo. Ya mvuto mrefu, kama lastiki, inabana hata ukilala, na usiku huvuliwa. Krepu ya kawaida ya famasi za kwetu ina nguvu kidogo na inalegea upesi. Ni afadhali kuliko kanga, lakini usiitegemee peke yake. Hospitali ya Charing Cross, London, katika miaka ya 1980 ilianzisha ufungaji wa tabaka nne: pamba, krepu, lastiki, na ya mwisho inayojishika yenyewe. Unafikisha kama milimita 40 kifundoni na hukaa hadi wiki moja.

Kwenye donda lenyewe osha kwa maji safi, weka kitambaa kisichonata. Unga wa kapsuli za antibiotiki, majivu na betri zilizopondwa havina kazi hapo. Vinaunguza ngozi ya pembeni na kuleta mzio. Donda lisilopungua baada ya miezi mitatu ya kufungwa vizuri, au lenye kingo zilizonyanyuka kama ukingo wa bakuli, daktari akate kinyama akipime, maana mengine hugeuka saratani.

Na uulizie upasuaji au matibabu ya kuifunga vena yenyewe. Soksi haitengenezi vali. Inaishikilia tu hali kwa saa unazoivaa.

Hatua ya 8: Kufua

Nunua jozi mbili, moja mwilini moja kambani. Fua kila siku, kwa sababu jasho na mafuta ya ngozi ndivyo vinavyoila elastani. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, suuza mpaka povu liishe. Jik hapana, dawa ya kulainisha nguo hapana, pasi hapana. Usikamue kwa kusokota: iviringishe ndani ya taulo, kandamiza, tandika kivulini penye upepo. Jua la saa saba mchana la huku kwetu linamaliza soksi kabla ya miezi yake. Wa Newala na Tandahimba, ambako ndoo ya maji ina thamani, nusu ndoo inatosha, na ya kusuuzia umwagilie mchicha.

Umri wake kwa kawaida ni miezi sita hivi. Dalili za kuisha utazijua: inapanda bila glavu, jioni kifundo kimevimba tena, goti la soksi limebaki wazi kama mdomo.

Mguu wenyewe

Soksi juu ya mguu usiotembea ni nusu dozi, kwa sababu shavu ndilo linalogonga ule ukuta. Anayesimama jikoni anyanyuke kwa ncha za vidole mara 20, apumzike, arudie. Kitanda kinyanyuliwe upande wa miguuni kwa tofali, sentimita 10 hadi 15. Basi la Dar ni zaidi ya kilomita 500. Chezesha vifundo njia nzima, na gari likisimama shuka utembee, hata kama hununui kitu. Kunywa maji, usiogope kuomba dereva asimame.

Zangu za mwisho zimeisha mwezi uliopita. Nimezikata mikanda na sasa zinafunga marobota ya vitenge hapa kibandani.